Ndugu wa Fundi Cherehani

Jumamosi moja mwaka jana, joto la Kakuma lilipokuwa limetutoa watu wote nje ya nyumba za mabati, jirani yangu Mkongomani aliniita nikaangalie sinema kwenye kompyuta ya mwanawe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ni mama wa makamo, mkimbizi, anauza maandazi karibu na lango la shule yetu, na tumezoeana kiasi cha kuazimana chumvi na kukosoana mapishi. "Mwalimu, kuya uone," aliniambia. "Hawa Baitalia banachekesha sana." Nilikwenda kwa sababu ya kivuli chake, ambacho ni kizuri kuliko changu, nikakalia jerikeni tupu.

Ilikuwa sinema ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe. Watu walizungumza Kiitaliano, na chini yao yalipita maandishi ya Kifaransa ambayo jirani alinisomea kwa Kiswahili cha kwao. Niliona chumba kimoja, cherehani karibu na dirisha, mwanamume mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni, na mwanamke mnene, mzuri wa sura, akimrushia soksi. Hapo mkono wangu wenye andazi ukasimama njiani. Chumba hicho nilikuwa nakijua. Nilijua ni mlango upi utakaofunguka na ni nani atakayeingia.

Jirani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Aliponigeukia na kuona kwamba mimi pia najifuta, akasimamisha sinema. "Weye unalia nini? Hii ni ya kuchekesha!" Nikamwambia ni vumbi. Kakuma hiyo ni sababu ambayo hakuna anayeihoji.

Lakini wewe, rafiki yangu, nitakuambia. Nusu ya kwanza ya sinema hiyo niliiona Lodwar nikiwa msichana mdogo, nimekaa mchangani katikati ya mama na babu. Nusu ya pili sikuwahi kuiona mpaka Jumamosi hiyo. Mwisho wake nitaufikia, usinikimbize, maana nisipokueleza kwanza nyumbani kwetu kulikuwaje utacheka kama jirani yangu, na sitakulaumu.

Tulikaa pembezoni mwa misheni, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa majani ya mkoma. Baba alikuwa fundi wa misheni. Jenereta, pampu ya maji, gari la padre, hata kengele ya kanisa ilipokwama, vyote vilimngoja yeye. Alinuka dizeli. Mpaka leo nikipita penye lori linalotiwa mafuta, shingo yangu hugeuka yenyewe. Mama alisuka vikapu akiwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, na ule mlio wa jani kavu likivutwa ndani ya jingine ndio uliotupitishia mchana. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji mtoni Turkwel asubuhi, kabla mchanga haujaanza kuunguza nyayo, na kumfukuza mbuzi wa jirani aliyependa kutafuna vikapu. Tulikula mahindi na maharagwe, na lori la kutoka Kataboi, ziwani, likifika tulikula samaki mkavu, ambaye mama alimchemsha mpaka mtaa mzima ukajua. Jioni upepo uliinuka, ukatujaza mchanga kwenye sahani na kwenye meno, na ng'ambo ya ua jenereta ikakohoa mara kadhaa kabla ya kushika. Hapo ndipo tulipomsikia baba akiimba.

Baba aliimba ng'ombe. Mwanamume wa Kiturkana huwa na maksai wake anayemwimbia, na wa baba alikuwa wa madoa mekundu na meupe, pembe moja imeelekea mbele na nyingine imekunjwa nyuma. Hatukuwahi kumwona. Alikuwa kwa ndugu yake baba, pamoja na mifugo yake yote, kule magharibi nyuma ya milima, karibu na Uganda. Baba alitusimulia habari za wanyama hao baada ya chakula. Palikuwa na ngamia mwenye sikio lililochanika, na mbuzi mweusi mwizi wa chumvi, na punda aliyekataa kuvuka maji mpaka afunikwe macho. Mimi na mdogo wangu wa kiume tuliokota mtoni mawe ya rangi za wanyama hao, tukawa tunayachunga nyuma ya nyumba. Jiwe la madoa tuligombania kila siku.

Wanyama hao walikuwa na maana kubwa kwetu, nikueleze kwa nini. Kwetu ndoa haikamiliki kwa watu kupendana, wala kwa kuzaa. Bwana na watu wake huswaga mifugo mpaka nyumbani kwa baba wa binti, na maksai wa ndoa huchomwa mkuki pale pale, wazee wakiona. Kabla ya damu hiyo, mwanamke ni binti wa baba yake hata akiota mvi, na watoto anaowazaa wanahesabiwa kuwa wa baba yake. Padre wa misheni, Mwitaliano, mtu mwema mwenye haraka, alimwambia mama mara nyingi kwamba angeweza kuwafungisha ndoa kanisani wiki yoyote. Nilimsikia mama akimjibu: "Padre, mimi siwezi kupita mbele ya altare kabla sijapita mbele ya baba yangu." Akaendelea kusuka.

Kwa hiyo tulikuwa tunangoja. Baba alisema mvua zikinyesha mifugo itavuka milima. Mvua zilinyesha mwaka mmoja, mwaka mwingine zikakataa, na kila mara palikuwa na sababu. Njia ina majambazi. Ndugu yake anaumwa. Ngamia wana mimba, hawafai kuswagwa mbali. Mama aliamini. Alikuwa ameshasuka kikapu kimoja kikubwa kuliko vyote, cha kubebea nyama ya siku hiyo, na hakuna mnunuzi aliyefanikiwa kumtoa nacho.

Mwaka huo babu, baba yake mama, alituma neno kwa dereva wa lori kwamba anashuka kutoka Lokitaung. Alikuwa anakuja kuuliza, na hakuna aliyehitaji kuambiwa anakuja kuuliza nini. Mama alifagia ua mpaka ardhi ikang'aa. Baba alijikata kidole kwenye feni ya gari la padre, jambo lisilompata ovyo fundi kama yeye.

Wiki hiyo hiyo padre alikuwa amepokea kutoka kwao sanduku la mikanda ya sinema. Sinema kwetu ilikuwa Jumamosi jioni, kwenye ukuta wa stoo uliopakwa chokaa, na baba ndiye aliyeendesha mashine. Kwa kawaida tulionyeshwa maisha ya watakatifu, au namna ya kuchimba choo. Safari hii padre alisema kuna za kuchekesha. Katikati ya wiki yeye na baba walijifungia stoo kujaribu mashine, wakaiangalia moja nzima, padre akimtafsiria. Tuliwasikia wakicheka kutoka nyumbani. Baadaye nikamsikia padre anacheka peke yake. Baba alirudi kimya, akala kidogo, na tulipomwomba atusimulie alikataa, akasema hataki kutuharibia utamu. Kisha akamwambia mama, "Mzee akifika, Jumamosi asikose sinema. Nitamkalisha mbele."

Mama alifurahi, aliona baba yake anapewa heshima. Na sisi tuliona hivyo hivyo.

Babu alifika na kigoda chake mkononi na tumbaku shavuni. "Ejok," akasema mlangoni, na sote tukaitikia. Juu ya lile lililomleta hakusema kitu, kwa kuwa mgeni hula kwanza. Jumamosi jua lilipozama, ua wa misheni ulikuwa umejaa watu, wengine wamekaa mchangani, wengine juu ya pipa na magurudumu mabovu. Baba alikuwa amemwekea babu kiti cha padre mwenyewe, mbele kabisa. Babu akakitazama, akakisogeza kando kwa mguu, akakalia kigoda chake.

Padre akashika kipaza sauti. Alieleza kwamba kwao mchezo huo ulichezwa kwanza jukwaani, mbele ya watu, ndiyo maana mtaona mambo yote yanatokea ndani ya chumba kimoja. Baadaye ndipo waliposogeza kamera. Ni kichekesho juu ya ndoa, alisema. "Mtacheka sana, mpaka tumbo inauma." Yeye aligeuza Kiitaliano kuwa Kiswahili chake cha kuimbaimba, na katekista akakigeuza kuwa Kiturkana kwa ajili ya wazee.

Kisa chenyewe ni hiki. Fundi cherehani anaishi mjini na mwanamke, hawajaoana. Baba wa mwanamke, mzee wa milimani anayetengeneza jibini, amedanganywa kwamba ndoa ilifungwa zamani, na sasa yuko njiani anakuja kula chakula cha mchana na mkwe wake. Basi ni mbio. Pete inaazimwa kwa jirani, haimtoki jirani kidoleni. Picha ya harusi ya watu wengine inatundikwa ukutani na nyuso zao zinafunikwa kwa maua. Watu wa Lodwar walicheka. Usidhani hatukuelewa. Kuhangaika kuficha aibu kabla mkwe hajafika ni jambo lisilotaka mkalimani. Mama mmoja nyuma yetu alisema huyo mwanamke mwili anao lakini kupika hajui, tazameni anavyokoroga. Babu naye alicheka jirani alipopakwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Nilimgeukia mama, nikamkuta anacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Sijui kama nimewahi kumwona tena na raha ya namna hiyo.

Kisha mzee wa milimani akafika. Akaketi mezani, akafunga kitambaa shingoni, akauliza mkwe wake ana mali gani. Fundi akajibu, na padre akatafsiri. "Anasema, mali yangu si hii cherehani tu. Mimi iko na duka kubwa. Duka iko kwa ndugu yangu, mbali, Torino." Katekista akageuza. Kicheko kidogo kikapita.

"Na huyo ndugu yake," babu akauliza kwa sauti, kwa Kiturkana, taratibu kama mtu anayeuliza njia, "kuna mtu amewahi kumwona?"

Ua mzima ulilipuka. Hata katekista aliacha kazi akacheka. Hakuna neno la sinema lililochekesha watu kama hilo la mzee wa Lokitaung. Lakini mwenyewe hakucheka. Alikuwa amegeuka pole pole kwenye kigoda chake na kumtazama baba yangu, pale penye mashine. Mama akaona baba yake anatazama wapi. Akatazama na yeye, akaacha kucheka.

Mkanda wa kwanza ukaisha karibu na hapo. Ukuta ukawa mweupe, taa ikawashwa ili baba aweke mkanda wa pili, na watu wakaanza kupiga makofi kumharakisha. Babu akasimama, akachukua kigoda chake, akaondoka. Kwetu mzee hatembei peke yake gizani na binti yake yupo. Mama akamchukua mdogo wangu mgongoni akamfuata, nami nikashika shuka la mama. Baba hakuweza kuiacha mashine. Tulitembea tukisikia vicheko nyuma yetu mpaka nyumbani, na tulipofika bado tulivisikia.

Asubuhi wakubwa walizungumza kwenye kivuli cha jiko. Sisi watoto tulikuwa hapo hapo, nadhani walitusahau. Babu hakupaza sauti. Alimuuliza baba, "Ndugu yako yuko wapi?"

Baba alisugua dizeli kwenye kucha zake. Kisha akasema ndugu yake alikufa. Wavamizi walimwendea alfajiri, wakamuua, wakaswaga kila kitu, na maksai wa madoa akiwemo. Haya yalitokea kabla hajamjua mama.

"Kukosa mifugo si kosa," babu alisema. "Hata mimi nimewahi kukosa, nikala matunda ya mkoma pamoja na wanangu. Lakini wewe umeninywesha chai miaka yote na uongo ndani yake." Akamgeukia mama. "Funga mizigo yako, binti yangu. Akipata cha kuleta, njia ya Lokitaung anaijua."

Nilidhani mama atakataa. Alikuwa mwanamke wa kukataa, padre ni shahidi. Lakini macho yake yalikuwa kwa baba. "Baba watoto," akamwambia, "ungeniambia huna, ningekaa na huna. Mimi umeniimbia ng'ombe aliyeporwa." Mama akaingia ndani, tukasikia anakunja ngozi za kulalia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba ilikuwa ndefu vya kutosha watoto wawili kuzaliwa juu yake.

Lokitaung niliipenda, nisikudanganye. Mtoto hupenda mahali hata kama ameletwa hapo kwa msiba. Nilipenda harufu ya kibuyu cha maziwa kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, yale maziwa machungu kidogo, yenye ladha ya moshi. Nilipenda kushuka na wanawake kwenye mto mkavu, kuchimba mchanga mpaka maji yatoke, na kupokezana karai huku wa chini anaimba na wa juu anaitikia. Babu alinifundisha kumjua mbuzi kwa alama ya kwato yake, na alinichekea nilipokosea, maana alikuwa mtu wa mzaha, huyo huyo aliyetutenganisha. Alipotupeleka shule mwalimu aliuliza jina la baba yetu, na babu akataja la kwake. Kwa desturi hakukosea. Mimi na mama tulikuwa watoto wa mzee mmoja. Nililiwaza jambo hilo darasani badala ya hesabu, nikachapwa.

Wakati huo kambi ya Kakuma ilikuwa bado changa, na fundi wa pampu hakukosa kazi huko. Baba aliacha misheni akaenda kutafuta mifugo kwa mikono yake. Baada ya muda alikuja Lokitaung akiswaga mbuzi wachache, akamkabidhi babu bila maneno mengi, akanywa maziwa, akalala nje ya boma kama mpita njia, na asubuhi akaenda zake. Alitupa peremende zilizonuka dizeli. Mama alimmiminia maji ya kunawa akiwa ameangalia pembeni. Ukame ukaja, mbuzi wale wakafa pamoja na wa kwetu. Alianza upya, ukaja ugonjwa wa mifugo. Watu husema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume, ingawa baba, masikini, dume lenyewe ndilo alilolihitaji.

Wanaume wengine walikuja kumposa mama. Mmoja alileta ngamia mpaka uani, wakasimama wakatutazama kwa dharau yao ile ya ngamia. Mama alikataa, na babu hakumlazimisha. Nilimsikia akiwaambia wazee wenzake, bila mzaha safari hiyo, "Binti yangu anangoja uongo ukue uwe kweli."

Haukukua. Babu alifariki. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa. Mahari yangu iliingia boma la marehemu babu, wajomba wakagawana kama inavyostahili, na baba alikuja harusini kama mwalikwa tu. Alikula nyama akiwa amesimama na madereva. Nilimwona. Nilikuwa nimevikwa shanga mpaka chini ya masikio, nimekalishwa katikati ya wanawake, na bibi harusi hainuki kumwendea mtu. Aliponiona namtazama aliinua mfupa kidogo, kama anayenitakia heri. Hilo linaniuma mpaka leo.

Alikufa Kakuma, kwa ugonjwa wa kifua. Mama, mdogo wangu na mimi tulikwenda kuzika. Padre wa Kakuma alipowaita wafiwa wa karibu waje watie mchanga, waliinuka binamu zake wa mbali. Mama alikuwa amekaa na wageni chini ya turubai. Nilimvuta mkono. "Kaa, mwanangu," akaninong'oneza. "Mjane ni mtu aliyechinjiwa." Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume huvua shanga zake. Mama alikwenda na zake shingoni, akarudi nazo. Hakulia siku hiyo wala baadaye. Baba akitajwa mbele yake alikunja uso tu, akasema, "Yule aliyeniimbia," na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa ule mwisho wa sinema. Mzee wa milimani anamaliza supu, anafuta mdomo, anauliza: na ndugu yako wa Torino, hajambo? Mwanamke anamkanyaga fundi mguu chini ya meza. Majirani wote wamejibana nyuma ya pazia, wanasikiliza. Ndipo fundi anaposimama. Jirani yangu alinisomea, sauti yake imeshuka: "Anasema, ndugu haiko. Duka haiko. Niko na hii cherehani na huyu mwanamuke, na niliogopa kusema." Mzee anaendelea kutafuna. Halafu anasema alijua tangu supu, alikuwa anangoja tu kuona kama mkwe wake ana mdomo. Anainua chupa ya divai aliyokuja nayo, padre anaitwa kutoka barabarani, na wote wanacheza wakiizunguka ile meza mpaka taa zinawaka. Jirani alipiga makofi.

Wiki iliyofuata nilipanda gari kwenda Lodwar kumwona mama. Anaishi huko sasa, kwenye nyumba ya matofali tuliyomjengea mimi na mdogo wangu, si mbali na misheni. Nilipita pale palipokuwa na ua. Stoo ilibomolewa, pana maduka ya simu na muziki wa vijana, na hakuna niliyemuuliza aliyejua kwamba hapo palikuwa na sinema. Padre alirudi kwao zamani, katekista amezikwa. Mama nilimkuta anasuka mlangoni, miguu ameinyoosha, vidole vimepinda kwa uzee lakini havijasahau. Nikakaa karibu naye, nikamsimulia kwamba nimeiona ile sinema, na inavyokwisha. Nilitarajia atacheka kidogo, au ataguna.

"Alisimama mwenyewe?" aliuliza.

"Aliulizwa habari za ndugu yake, akasimama."

"Mbele ya wote."

"Mbele ya wote, mama."

Vidole vyake vikaacha kusuka. "Baba yako aliiona hii," akasema. "Na padre, kule stoo, kabla ya siku ile. Aliiona mpaka mwisho."

Jambo likamfikia, nami likanifikia nyuma yake. Miaka yote tulisema baba alikuwa na bahati mbaya, alimkalisha mkwe mbele ya sinema asiyojua italeta nini. Kumbe alijua neno kwa neno. Alitaka fundi wa Kiitaliano aseme kwanza lile lililomshinda yeye, wazee wamcheke fundi, wamhurumie, wamsamehe, kisha yeye asimame pale penye mashine aseme, "Na mimi pia." Alichohitaji ni mkanda wa pili. Alikuwa nao mkononi, anauvisha kwenye mashine, sisi tulipoondoka.

"Mbona asubuhi ile hakusema?" niliuliza. "Kwamba alitaka kusema?"

"Asubuhi ile nani angemwamini?" Mama aliweka kikapu chini. "Angeniambia mimi tu, jikoni. Tungemwambia baba yangu pamoja." Akajifunika uso kwa viganja. Alilia kama wanavyolia wanawake wa kwetu kwenye msiba uliofika leo, kwa sauti, mpaka jirani akachungulia juu ya ua, nikampungia mkono atuache.

Nilikaa naye mpaka jua likapunguza makali. Nilichemsha chai, hakunywa. Nilikuwa nimekwenda kumpelekea mama yangu kichekesho. Miaka yote alikuwa na mwongo wa kumkasirikia, na hasira hiyo ilimtosha, ilimwinua asubuhi na kumlaza jioni. Mimi nimemnyang'anya mwongo wake nikamletea mume, na mume mwenyewe alishazikwa.